Nini hasa huamua serikali itoe kiasi gani kwa vyuo vikuu vya umma?

#1 Kalamu Nyekundu

Wakuu, salaam.

Kila bajeti ikisomwa tunabishana kama serikali inathamini elimu ya juu au haithamini. Mimi nasema kuthamini kuna uzito mdogo sana hapo. Kinachoamua ni foleni ya wadai. Mbele wamekaa wanaolidai taifa, mishahara, pensheni, shule za msingi na hospitali. Hao ama wanalindwa na sheria, ama wakikosa pesa nchi inasimama. Chuo kikuu kinapewa kinachobaki, kwa sababu kila waziri wa fedha anajua chuo kina mlango wa pili wa kuingizia pesa, nao ni ada. Hospitali ya umma ukiikata, wagonjwa wanakosa dawa wiki ijayo. Chuo ukikikata, kitapandisha ada au kitajaza madarasa, na lawama zitamwangukia makamu mkuu wa chuo.

Mwaka 1999 Harold Hovey aliliita jambo hili gurudumu la mizani, akiangalia bajeti za majimbo ya Marekani. Uchumi ukidorora, vyuo hukatwa zaidi ya sekta nyingine. Uchumi ukichangamka, huongezewa zaidi ya wengine. Mdororo wa 2008 ulikuja ukaonyesha hivyo hivyo, ruzuku kwa kila mwanafunzi ikaporomoka na ada zikapanda.

Mwenye maelezo bora zaidi ya hayo aje.

#2 Mpenda Mjadala

Nimeweka kiti. Ila mkuu, kuna nchi zinazothamini kweli. Ujerumani hawajawahi kutoza ada hata siku moja.

#3 Mhasibu Mstaafu

Kalamu, umesema vizuri ila umeanzia juu mno. Nimeandaa bajeti za chuo cha umma sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, naomba niwashushe hadi mezani.

Chuo hakianzi na swali "tunahitaji kiasi gani". Kinaanza na waraka wa Hazina unaotaja ukomo. Ukomo wenyewe ni tarakimu ya mwaka jana iliyosogezwa kidogo. Unaweza kuandika maombi ya kurasa mia, mkaongeza kitivo kizima cha uhandisi, ukomo ukabaki palepale. Kwa hiyo jambo la kwanza linaloamua fedha za mwaka huu ni fedha za mwaka jana. Chuo kilichoanza na msingi mdogo miaka ishirini iliyopita bado kinaulipia huo udogo, hata kama leo kina wanafunzi wengi kuliko jirani yake.

La pili, ruzuku ina mifuko miwili. Mmoja ni wa mishahara, huo haukatwi kirahisi. Mwingine ni wa matumizi mengineyo: umeme, maji, kemikali za maabara, majarida, usafiri wa wanafunzi kwenda mafunzo kwa vitendo. Kilichoidhinishwa na bunge na kilichoingia benki ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo karibu yote huangukia mfuko wa pili. Robo ya tatu ya mwaka ndipo utaona mkuu wa idara anakuja na karatasi ya kuomba kemikali, na wewe mhasibu unamwonyesha salio. Mwezi huo huo mishahara imeingia yote kamili. Mtu wa nje akisoma bajeti anaona chuo kimepewa pesa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kemia anafanya jaribio kwa kutazama mwenzake akifanya.

#4 DadaTakwimu

Asante Mhasibu, bandiko lako namba 3 linafaa kubandikwa ukutani.

Kabla hatujaenda mbali: tunapima nini? Jumla ya fedha? Fedha kwa kila mwanafunzi? Sehemu ya bajeti? Sehemu ya pato la taifa? Nchi inaweza kuongeza jumla kila mwaka huku fedha kwa kila mwanafunzi zikishuka, na waziri na mwanafunzi wakawa wote wanasema kweli.

Hapo ndipo naleta sababu yangu: idadi ya watu. Uganda ilifuta ada za msingi 1997, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya Januari 2003. Chukua Kenya. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2003 amemaliza la nane 2010, kidato cha nne 2014, na 2015 yuko mlangoni mwa chuo. Wimbi lilijulikana miaka 12 kabla halijafika. Anayefuta ada leo anapigiwa kura leo. Gharama ya vyuo inamkuta mtu mwingine ofisini.

Hata malengo ya kimataifa yamekaa kimya hapa. Azimio la Incheon la 2015 linataka nchi zitumie asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali, kwenye elimu. Vyuo vipate sehemu gani ndani ya hiyo, halisemi.

#5 Msafiri wa Kaskazini

@Mpenda Mjadala (#2), hapana. Ujerumani wametoza. Kabla ya 1970 kulikuwa na malipo ya mihadhara. Halafu Januari 2005 Mahakama ya Katiba ilibatilisha marufuku ya kitaifa ya ada, na majimbo 7 kati ya 16 yakaanza kutoza, kawaida euro 500 kwa muhula. Wanafunzi wakapinga, vyama vikashinda chaguzi za majimbo kwa kuahidi kuzifuta, moja baada ya jingine. Niedersachsen ndiyo iliyofunga mlango wa mwisho, 2014.

Kinachonivutia ni kwamba pesa zilikuwa zilezile, nchi ileile, watu walewale. Kilichobadilika ni nani kashinda uchaguzi wa jimbo. Kalamu Nyekundu, foleni yako ya wadai inalielezaje hilo?

#6 Mpenda Mjadala

Sawa, tuseme wanaothamini ni wapiga kura wa Ujerumani 😀

#7 Ngamia7

Mnazunguka mbuyu. Kwa nchi nyingi za Afrika jibu linajulikana: Benki ya Dunia. Miaka ya 1980 wachumi wake, George Psacharopoulos akiwa mbele, walikokotoa faida ya elimu kwa kila ngazi wakasema shilingi inayowekwa shule ya msingi inalipa jamii kuliko inayowekwa chuo kikuu. Hesabu hizo zikageuka masharti ya mikopo. Posho za wanafunzi zikakatwa, uchangiaji gharama ukaingia, Makerere ikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia 1992, na kabla muongo haujaisha wa kujilipia wakawa wengi kuliko wa serikali.

Halafu mwaka 2000 kikosi kazi kilichoitishwa na Benki ya Dunia hiyohiyo pamoja na UNESCO kikasema hesabu zile zilikuwa finyu, hazikuhesabu utafiti, wataalamu, wala uongozi wa nchi. Kizazi kizima cha wahadhiri kilikuwa kimeshaondoka.

#8 Jiwe la Pembeni

Ngamia7, kila uzi wa elimu humu lazima uilete Benki ya Dunia. Mimi sikatai yaliyotokea. Lakini Uingereza nani aliiwekea masharti? Mwaka 1998 waliweka ada ya pauni 1,000, 2006 ikafika 3,000, 2012 ikaruka hadi 9,000. Australia ilifuta ada 1974 chini ya Whitlam, ikazirudisha 1989 kwa mkopo unaolipwa kupitia kodi ya mapato. Hakuna mkopeshaji aliyewashika shati.

Kuna mwanasayansi wa siasa aitwaye Ben Ansell aliyeliweka vizuri. Serikali inataka vitu vitatu: wanafunzi wengi, ruzuku nono kwa kila mmoja, na mzigo mdogo kwa hazina. Unapata viwili, cha tatu unakiacha. Uingereza ilichagua wengi na mzigo mdogo, ruzuku ikaenda. Nchi za Skandinavia zilichagua wengi na ruzuku nono, wakakubali kodi kubwa. Uskoti wanafunzi wake hawalipi ada, ila nafasi zao zimewekewa ukomo.

Vyuo vya umma vya Afrika vya miaka ya 1970 vilikuwa na ruzuku nono kwa sababu wanafunzi walikuwa wachache. Wote humu wanaokumbuka posho wanakumbuka enzi ambayo walioachwa nje walikuwa wengi.

#9 Ngamia7

Tofauti ni nani aliyeshika kalamu. Waingereza walichagua wenyewe na wakaadhibu chama kwenye sanduku la kura. Sisi tulichaguliwa.

#10 Mama Wawili

Habari zenu. Nimesoma yote, naheshimu elimu zenu, lakini niseme la mzazi.

Mwanangu mkubwa alipata nafasi, mkopo ukaja nusu. Barua ilisema amepangiwa kulingana na uwezo wa familia. Uwezo upi? Fomu iliuliza nina paa la aina gani na watoto wangapi wako shule. Haikuuliza namuuguza nani. Nilikopa kwenye kikundi chetu kufidia ile nusu, na wa pili akasubiri mwaka nyumbani.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Shule ya msingi ikikosa madawati, wazazi tunajaa kwa mkuu wa shule na diwani anasikia. Chuo kikikosa kemikali, kama alivyosema Mhasibu, hakuna mzazi anayejua. Mtoto mwenyewe hakuambii. Mnauliza kwa nini vyuo vinakatwa kwanza. Vinakatwa kwa sababu sisi hatupigi kelele, na hatupigi kwa sababu hatuoni.

#11 Kijana wa Kitivo

Pole mama, na asante. Lakini wanafunzi wanapiga kelele, na zinasikika. Afrika Kusini 2015 ilipangwa ada ipande, wanafunzi wakaandamana hadi Pretoria, ongezeko la 2016 likawa sifuri. Desemba 2017 Zuma akatangaza elimu ya juu ya ruzuku kamili kwa kaya zenye kipato cha hadi randi 350,000 kwa mwaka. Chile, 2011 mitaa ilijaa, 2016 wanafunzi wa familia za kipato cha chini wakaanza kusoma bila ada. Foleni ya Kalamu inaweza kurukwa.

#12 Kalamu Nyekundu

Kijana, mifano mizuri, ila angalia pesa zilikwenda wapi. Zilimfuata mwanafunzi. Kumlipia mwanafunzi na kukipa chuo ruzuku ni vitu viwili, na siku hizi serikali nyingi zinahamisha ya pili kwenda ya kwanza. Mwanafunzi ana kura na ana sauti. Maabara haina. Unaweza kuwa na bodi ya mikopo yenye bajeti kubwa kuliko vyuo vyote na bado paa la maktaba linavuja.

Msafiri (#5), Ujerumani ada zilikuwa nyongeza juu ya ruzuku, na majimbo mengi yalipozifuta yaliwafidia vyuo. Hazina yao ina uwezo huo. Foleni inauma pale kapu linapokuwa dogo.

#13 Mpenda Mjadala

Kenya si ndiyo walihamisha hivyo 2023? Pesa zimfuate mwanafunzi, kila mtu kwenye kundi lake la uhitaji. Na mahakama ikaufuta ule mfumo.

#14 Sheria Kwanza

Polepole. Mahakama Kuu ilitamka Desemba 2024 kwamba mfumo ule unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa. Hukumu ya ngazi ya kwanza ikishakatiwa rufaa usiseme jambo limezikwa.

Na hiyo ni sababu nyingine ambayo hamjaitaja: mahakama na katiba. Ujerumani mahakama ilifungua mlango wa ada, Kenya mahakama ilizuia mfumo. Pale elimu inapoandikwa kama haki, hakimu anaingia chumba cha bajeti.

#15 Mtoto wa Nne

Samahani kutoka nje ya mada, mwenye kujua utaratibu wa kukata rufaa ya mkopo kwa mwaka wa kwanza anisaidie, nimepangiwa asilimia ndogo sana.

#16 DadaTakwimu

@Mtoto wa Nne, fungua uzi wako kule jukwaa la elimu, nitakuja. Andaa vyeti vya vifo au barua za ulemavu kama vipo, na uambatishe kila kitu mara moja. Usiache hata kimoja cha kuleta baadaye.

#17 Mhasibu Mstaafu

Kuna dawa watu huipendekeza kila mara: tuwe na kodi maalumu ya elimu, iende moja kwa moja. Ghana walifanya mwaka 2000, mfuko wa GETFund, uliowekewa pointi 2.5 za kiwango cha kodi ya ongezeko la thamani. Nigeria walianza 1993 na asilimia 2 ya faida za kampuni, na 2011 mfuko ukaelekezwa kwa taasisi za elimu ya juu za umma. Majengo mengi ya vyuo kule yana kibao cha TETFund, ndilo jina la mfuko huo.

Lakini ona Hazina inavyofikiri. Mfuko ukishakuwepo, afisa wa bajeti anauliza: ninyi si mna mfuko wenu? Ukomo wa ruzuku ya kawaida unabaki ulipokuwa. Na mfuko ukinona, unaguswa. Ghana 2017 walipitisha sheria ya kuweka kikomo kwa mifuko yote ya aina hiyo, jumla yake isizidi asilimia 25 ya mapato ya kodi. Aidha, mifuko hii hupenda majengo. Jengo lina kibao cha uzinduzi na mkasi wa kukata utepe. Fundi wa kulitunza hana.

#18 Jiwe la Pembeni

Na ukimlinda mmoja kwa sheria, asiyelindwa anaumia zaidi. California 1978 wapiga kura walibana kodi ya majengo kupitia Proposition 13. Miaka 10 baadaye, Proposition 98 ikazipa shule na vyuo vya jamii kiwango cha chini cha fedha kinacholindwa na katiba ya jimbo. Mifumo miwili mikubwa ya vyuo vikuu, UC na CSU, ikabaki nje ya ulinzi huo. Medicaid, yaani bima ya afya ya wenye kipato kidogo, nayo ina masharti yake ya lazima. Kilichobaki wazi kukatwa ni nini? Na hili ndilo jimbo ambalo mpango wake wa 1960 ulikuwa ukitajwa dunia nzima kama mfano wa chuo cha umma kwa kila mwenye sifa.

Kwa hiyo hapa nampa Kalamu Nyekundu alama yake.

#19 Kalamu Nyekundu

Naipokea 🙏

#20 Profesa wa Jioni

Mnaongelea upande wa anayetoa tu. Tazameni anayepokea. William Baumol na William Bowen walionyesha 1966, wakichunguza sanaa za jukwaani, kwamba kazi isiyoweza kuharakishwa hupanda gharama kila mwaka, kwa sababu mishahara inabidi ifuate ile ya sekta zinazoharakishwa. Kusahihisha insha ya mwanafunzi kunanichukua muda uleule uliomchukua mwalimu wangu. Kwa hiyo serikali ikiongeza ruzuku kwa kasi ya mfumuko wa bei, bado chuo kinarudi nyuma.

Halafu kuna Bowen mwingine, Howard, aliyesema 1980 kwamba vyuo hukusanya pesa zote vinavyoweza na kutumia zote vilizokusanya. Haya mawili yakikaa pamoja, waziri wa fedha anashindwa kujua ombi lipi ni njaa na lipi ni hamu. Akishindwa kujua, anakata wote sawa.

Nafundisha madarasa ya mamia ya wanafunzi. Najua ipi ni njaa. Lakini sijui nimthibitishieje.

#21 Mpenda Mjadala

Prof, walau wewe umekuja na Bowen wawili, mimi nilikuja na Ujerumani mmoja nikanyang'anywa.

Sasa hili sijaliona: idadi ya vyuo. Kila mbunge anataka chuo kwao. Kenya ilikuwa na vyuo vikuu vya umma 7, kufikia 2013 vikawa 22. Kapu la pesa halikukua mara tatu. Kila chuo kina makamu mkuu, baraza, magari, geti. Siasa hapa iliongeza vyuo, na kwa kuongeza vyuo ikapunguza fedha za kila kimoja.

#22 Mama Wawili

Lakini hicho chuo cha kwa mbunge ndicho binti yangu angeweza kusoma akilala nyumbani. Msikidharau.

#23 DadaTakwimu

Mama kasema jambo ambalo wachumi wameligombania muda mrefu: ruzuku inamfikia nani? Hansen na Weisbrod mwaka 1969 walisema ruzuku ya vyuo vya California inawanufaisha zaidi familia zenye nafuu, kwa kuwa ndizo zinazopeleka watoto wengi kwenye vyuo vyenye ruzuku kubwa. Mwaka uliofuata Joseph Pechman akachukua takwimu zilezile, akaangalia na kodi ambayo kila kundi la kipato linalipa, akapata picha tofauti. Mpaka leo anayetaka kukata ananukuu wale wawili, anayetaka kuongeza ananukuu Pechman.

Nadhani hoja hii ina nguvu kuliko tunavyoipa. Waziri akiamini chuo ni cha watoto wa wenye nafuu, anakata bila kukosa usingizi.

#24 Ngamia7

Na sasa wameleta kulipa kwa matokeo. Tennessee walianza 1979 na kiasi kidogo, 2010 wakaifanya fomula nzima ya jimbo ifuate matokeo: waliohitimu, krediti (vipimo vya masomo) zilizokamilishwa. Watafiti kama Nicholas Hillman na David Tandberg walipofuatilia majimbo yenye mifumo hii waliona ongezeko la digrii ni dogo au halipo, na sehemu nyingine vyeti vifupi vikaongezeka. Chuo kinazalisha kinachohesabiwa.

Tandberg huyohuyo aliona pia kwamba majimbo yenye watetezi wengi wa vyuo kwenye mabunge, ukilinganisha na watetezi wa sekta nyingine, hutoa zaidi. Mama Wawili (#10) amelisema bila hesabu za takwimu.

#25 Profesa wa Jioni

Nakazia kwa Mama.

#26 Sheria Kwanza

Kitu kimoja kabla sijalala: uhasibu. Mkopo wa mwanafunzi kwenye vitabu vya serikali ni mali, si matumizi. Ndiyo maana serikali inayotaka nakisi ionekane ndogo hupenda mikopo kuliko ruzuku. Uingereza walikula hilo miaka mingi, hadi Desemba 2018 ofisi yao ya takwimu ilipoamua kwamba ile sehemu isiyotarajiwa kurudi ihesabiwe kama matumizi tangu siku mkopo unatolewa. Nakisi ikaongezeka kwa uamuzi wa watakwimu, bila mwanafunzi hata mmoja kupata senti zaidi.

#27 Mhasibu Mstaafu

Sheria, hapo umenigusa penyewe. Lakini kwa nchi zenye bajeti ya fedha taslimu hoja hiyo haina meno. Mkopo ukitoka, pesa imetoka kwenye akaunti leo, uite mali au matumizi. Kwetu wahasibu kinachoamua ni makusanyo ya mwezi. Nitawaandikia kesho jinsi mgao wa kila mwezi unavyopangwa, nani anaitwa kwanza na nani anaambiwa asubiri.

#28 Kalamu Nyekundu

Mgao wa mwezi ndio foleni yenyewe, Mhasibu. Nasubiri.

#29 Msafiri wa Kaskazini

Ukiandika, weka na miezi ya uchaguzi. Nataka kuona kama mpangilio unabaki uleule.